Kiganja cha Bibi

Basi lilikuwa likirudi kutoka kwenye nyumba za mababu zilizochongwa kwenye magenge ya mwamba. Mzee Eusebio alijifanya amesinzia, ila masikio yalikuwa kwa wanawake wawili marafiki waliokaa mbele yake.

"Kiganja changu kimeenea sawasawa kwenye alama ya kiganja cha bibi aliyekandika ule ukuta wa magengeni," alijigamba Lorencita. "Miaka mia nane, shoga! Kukandika kumo damuni."

"Damu ipi?" Geneva akamcheka. "Ukuta wa mama yako una ufa tangu Pasaka, mijusi wanapishana."

"Nitaukandika Jumamosi."

"Jumamosi hiyo hata bibi yako wa magengeni anaingoja."

Mbele kidogo, kando ya barabara, mama yake Lorencita alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, ndoo ya udongo miguuni, mikono kiunoni. Lorencita akainama kitini.

"Dereva, pitiliza," akanong'ona.

"Dereva, simama!" Geneva akapaza sauti. "Tunashusha kiganja."