Kichwa cha Kujifunzia: Kumkumbuka Peres Namalwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni na poleni na kazi. Leo tunamkumbuka Peres Namalwa, msusi wa Kenyatta Market hapa Nairobi. Wengi mlimjua kama Mama Ryan. Peres Namalwa ametutoka wiki jana kwa nimonia, baada ya kuishi miaka mingi na ugonjwa wa Parkinson.

Mdogo wake, Veronicah, ametusimulia haya akiwa nyumbani kwao, mtaa wa Jamhuri. Amechoka. Si uchovu wa matanga tu. Ni ule wa kumfunga mtu vifungo vya blauzi kila asubuhi na kumshikia kikombe, miaka nenda, miaka rudi.

Kibanda cha Mama Ryan kilikuwa na viti vitatu na watu kumi. Ukitaka kujua nani ameachwa, na nani amehamia mtaa wa matajiri wa Karen siku hizi hasalimii watu, ulienda kusukwa pale. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni aliukalia huku akicheka. Baadaye sauti ikashuka, ikawa mnong'ono. Uso nao ukakauka, kama wa mtu aliyenuna.

"Wateja walidhani anaringa," anasema Veronicah. "Kumbe ni ugonjwa."

Dawa zilipoanza kushindwa, daktari wa upasuaji wa ubongo, Daktari Kitavi, akashauri operesheni. Fuvu lingetobolewa na waya mwembamba kuingizwa ndani, utulize ule mtetemeko. Peres angekuwa macho, ili madaktari wauone mkono ukifanya kazi. Familia ikakubali.

Lakini daktari alikuwa na ombi la pili. Kabla ya waya, alitaka kulaza juu ya ubongo elektrodi za aina mpya, kipande chembamba kama karatasi ya nailoni, kinachonasa jinsi ubongo unavyofanya kazi. Kingekaa dakika chache, kisha kitolewe.

"Sitakudanganya, mama," alimwambia Peres. "Hii haitakuponya wewe. Ni majaribio, na inaongeza hatari kidogo. Huenda ikasaidia watakaokuja. Ukikataa, operesheni yako iko palepale."

Tuelewane hapo, wapendwa. Operesheni ilikuwa ya Peres. Kile kipande kilikuwa cha wengine.

Jumapili ukoo ukajaa Jamhuri. Kaka yao, Bramwel, akawaka, chapati mkononi. "Hawa wanatafuta panya wa maabara! Dadangu si panya!"

"Na wakisahau kukitoa je?" akauliza shangazi yao, Maurine. "Fundi alisahau nyundo kwa dari yangu, iko huko mpaka leo."

Watu wakacheka. Veronicah hakuwa na nguvu za kubishana. "Basi tukatae. Kesho nitampigia daktari."

Wote wakaitikia, na maneno yakahamia kwa harusi ya mtu fulani. Peres alikuwa ameketi katikati yao. Hakuna aliyemuuliza. Alisema kitu, hakikusikika. Akasema tena. Halafu kikombe chake cha chai kikaenda sakafuni, paa!

"Masikini, ametetemeka tena," Bramwel akasema.

Nyumba ikanyamaza, na sasa mnong'ono ukasikika. "Sijatetemeka. Nimemwaga."

Veronicah akapiga magoti, akaweka sikio karibu na mdomo wa dadake, akawa anawatangazia wengine.

"Anasema kichwa ni chake. Anasema alipokuja Nairobi hakujua kusuka. Ndanu, yule wa mitumba, alimpa kichwa chake ajifunzie. Laini za nywele zikaenda kombo kama njia ya ng'ombe, na Ndanu akaenda nazo kanisani hivyohivyo. Anasema hakuna msusi pale sokoni ambaye hakupewa kichwa na mtu. Anasema hata daktari lazima apewe."

"Lakini dada, ubongo si nywele," akasema Bramwel.

"Anasema anajua. Anasema wewe maliza chapati."

Basi akakubali mwenyewe, akaweka sahihi kwa mkono uleule unaotetemeka. Siku ya operesheni, kipande kikiwa juu ya ubongo, Daktari Kitavi alimwomba afumbe na kufumbua kiganja. Peres akanong'ona, "Wacha nisuke." Vidole vikaanza kusuka hewani, polepole, na mashine ikanasa yote. Kipande kikatolewa salama, waya ukawekwa.

Mkono ulitulia. Peres akarudi kufunga vifungo vyake mwenyewe. Sauti haikurudi. Na yale yaliyonaswa? Bado wanayachambua. Peres ameondoka bila kujua kama yatamfaa mtu.

"Baada ya ile Jumapili, akitaka kusema nilizima televisheni," anasema Veronicah. "Alichukua muda, chai inapoa. Nilikuwa nimechoka, lakini nilingoja."

Kwako Ryan, Veronicah, Bramwel na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe msikilizaji mpendwa, kama hapo kwako yuko mgonjwa ambaye sauti imeshuka, mmekwisha kumwamulia mangapi? Zima redio. Ndiyo, nizime hata mimi. Muulize, halafu ungoje.