Gari-nyumba Lililolala kwa Mkulima

Funguo zililia nyuma ya kiti cha Geesje kabla hajamwona mwenye funguo hizo. Alipogeuka kidogo, alimwona mzee akizichezea huku akimwambia kijana aliyeketi naye kwenye basi la kwenda mji wa Sneek, Uholanzi, "Karavani yako ya kuvutwa inakula nini? Bima kidogo na matairi, basi. Gari-nyumba langu lina injini yake, kodi yake, ukaguzi wake."

"Lakini mzee wangu, nikiivuta ile karavani gari linakunywa mafuta kama ng'ombe! Nyinyi mnaingia, mnaondoka."

"Tunaondoka wapi? Ili kulimudu gari-nyumba tuliuza gari dogo. Unadhani nimepanda basi kwa raha?"

Kijana alicheka. Geesje naye alitabasamu, maana mumewe hubana senti hivyo hivyo.

"Cheka tu. Baridi ilipoingia nikalilaza ghalani kwa mkulima, kwa bei ya chini kabisa. Magari humo yamepangwa pua kwa mkia, langu liko ndani kuliko yote, na hayatolewi mpaka Machi. Januari dada wa mke wangu akazidiwa kule Zwolle. Mke wangu, Hinke, akaenda kwa mabasi matatu, akamkuta ameshafariki, amefunikwa shuka."

Kijana akasema taratibu, "Hilo si kosa la gari, mzee."

"La nani, basi?" Simu ya mzee ikaita, na basi likaanza kupunguza mwendo. "Ndiyo, Hinke, nashuka sasa. Sikiliza, likitoka tu ghalani naliuza, nakununulia gari lako. Nakuahidi, na watu humu wamenisikia."