Breki Zilizonyamazishwa

Kwiiii! Basi lilipofunga breki, kinyozi aliyekaa dirishani alicheka. "Gari langu nalo lilikuwa likilia hivyohivyo. Nikazipaka pedi za breki grisi mwenyewe, kimya!"

Mwanamke wa ovaroli aliyekaa kando yake aligeuka. "Kaka, umepaka breki grisi?"

"Dada, kwani ufundi ni wa wenye ovaroli tu?"

"Breki hushika kwa kusuguana. Ukiilainisha, itashika nini? Ule mlio ulikuwa unadai pedi mpya, wewe ukauziba mdomo. Sasa ukikanyaga, gari linavuta upande mmoja?"

"Kushoto."

"Na mteremkoni linachelewa kusimama."

Mwanamke huyu hakuwahi kuliona gari lile, lakini alitaja siri zake kana kwamba ameshinda uvunguni mwake. Basi zima likajifanya halisikilizi.

"Leo nani analiendesha?" akauliza fundi.

Kinyozi akachomoa simu. Saa hiyo mkewe alikuwa akijiandaa kumteremsha mama mkwe mlimani, kwenda kliniki.

Basi liliposimama kituoni, kinyozi alishuka na fundi, simu ikiwa sikioni. "Mama watoto, usiwashe gari! Nakuja na fundi. Mama nitampeleka mwenyewe kwa basi, nakuahidi."