Yule Mume wa Kwenye Wimbo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kituo cha mafuta cha Hobart, huku milimani Kentucky. Migodi ya makaa ilishafungwa, vijana wamekimbilia Ohio, tumebaki sisi na kahawa ya Hobart iliyo chungu kama dawa ya minyoo. Kila Jumamosi asubuhi redio hupiga nyimbo za zamani, za gitaa na fidla, na Hobart hufungua dirisha tusikie. Jumamosi ile ya Oktoba ukapigwa ule wa mwanamke anayewasha taa mlangoni kila jioni, mumewe kaenda kaskazini kutafuta kazi. Tumekua nao huo.

Aliyeanza ni Treni. Aliendesha mabehewa ya makaa mpaka anastaafu, na kwake kila kitu duniani kimeanzia relini.

— Mnajua kwa nini nyimbo hizi zinaliza? Ni honi. Isikilizeni hiyo fidla. Babu zetu waliisikia honi ya treni ikipotelea mlimani, wakaiiga. Hamna huzuni pale, honi tupu.

— Acha hizo, akamkata Shemasi, ambaye hupitisha kapu la sadaka kanisani na huona Biblia hata kwenye chupa ya soda. Mwanamke ni kanisa, taa ni imani, mume ni Bwana Yesu.

— Yesu akatafute kibarua Ohio?

— Ni mfano, we kichwa maji!

Hobart alikuwa akitumiminia kahawa.

— Wote hamjui kitu. Babu yangu alimfahamu aliyeutunga. Jamaa alikuwa na nyumbu jike, kazi yake kuvuta makaa. Huyo "mke" ni nyumbu.

— Nyumbu anawasha taa?

— Alikuwa na akili sana yule.

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Besi peke yake hakucheka. Jina lake hasa ni Burl. Besi tulimpa kwa sauti yake nzito. Yeye na mkewe Delphia waliimba harusi zote na misiba yote ya bonde hili, na tangu tumzike Delphia mwezi wa pili, hajafungua kinywa kuimba.

Hapo ndipo binti mmoja alipomaliza kujaza mafuta, akasogea. Muuguzi mpya wa zahanati, mgeni, hata majina yetu hayajui.

— Samahani wazee wangu, huo wimbo ni mzuri jamani. Kwani huyo mume alirudi?

Shemasi akanitazama mimi, nami nikamtazama Hobart. Wimbo unaishia taa ikiwaka. Umri wote huu tumeusikia, na hapa kijiweni hakuna aliyewahi kuuliza.

— Delphia alikuwa anasema anarudi, Besi akasema.

— Na wewe, mzee?

— Mimi nasema harudi. Nilifanya kazi Akron, kule Ohio, kiwanda cha matairi, nikilala chumba kimoja na wanaume wa huku kwetu. Niliwaona wanavyoacha kuandika barua nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikarudi. Delphia akaniambia, si unaona? Nikamwambia, mimi ni mimi, yule ni yule. Basi ikawa ndiyo hiyo maisha yetu yote. Kila ukipigwa, tunabishana. Jikoni, garini, mpaka hospitali. Siku moja alinitupia kitambaa cha vyombo usoni.

Akatabasamu kidogo.

— Juzi hapa umepigwa niko jikoni. Nikasema, harudi huyo. Nikasubiri anibishie.

Muuguzi alibaki amesimama na funguo mkononi. Alimshika Besi bega, akasema pole sana mzee wangu, akaingia kwenye gari akaondoka.

Redio ilikuwa kwenye wimbo mwingine. Shemasi alivua kofia, akakaa nayo magotini kama yuko msibani. Mwisho Treni akakohoa.

— Anarudi, akasema.

— Nani? Shemasi akauliza.

— Huyo mume. Anarudi.

Besi aligeuza shingo taratibu, akamtazama.

— Harudi.

— Anarudi, bwana wee! Mwanamke awashe taa miaka yote hiyo bure?

— Kuwasha kunahusiana nini na kurudi? We unawajua wanaume wa kaskazini? Kashapata mwingine huko!

— Hajapata. Anarudi, tena kabla theluji haijaanguka.

— Kwa barabara ipi? Wimbo unasema daraja limechukuliwa na maji!

— Ataogelea!

— Ataogelea! Mnamsikia huyu? Ataogelea!

Sauti ya Besi ilipanda mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Shemasi alitaka kuwaamua, nikamkanyaga mguu. Hobart alitikisa birika kutuonyesha kwamba kahawa imekwisha, akalirudisha ndani mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeinuka kulipokea.