Punje za Mkupuo wa Tisa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Stefano, mdogo wake marehemu, na kabla ya tarehe na mahali naanza na jambo lililomshinda dada na linalonishinda mimi hadi leo: alipika mikupuo ishirini ya punje za kusafishia maji, kwa vipimo vilevile, katika sufuria ileile, kumi na tisa ikafa ndani ya maji ya moto, ukaishi mmoja tu, wa tisa, na hakuna ajuaye kwa nini.

Marehemu Filomena Cosmas Msimbe alizaliwa tarehe 2 Februari 1971 kijijini Lumuma, mtoto wa tatu wa Mzee Cosmas na Mama Elizabeti, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari Morogoro hadi 1989, akapata stashahada ya maabara Dar es Salaam mwaka 1994, kisha akapima maji hapa Kilosa kwa miaka kumi na saba. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji Gerald, dereva wa malori, wakajaliwa Naomi na Innocent.

Mwaka 2012 alifungua karakana Mikumi, akatengeneza machujio yenye punje za plastiki, ndogo kama ulezi, zinazokamata chumvi mbaya za majini na kuachia chumvi ya kawaida mahali pake. Kosa lilikuwa letu sote: tumefundishwa tangu utoto kuchemsha maji, basi watu wakayamimina humo yakiwa bado yanatokota, punje zikafa, maji yakanuka samaki. Alipoambiwa awakaripie, alijibu, "Hao wametii. Punje ndizo zijifunze," akaanza kutafuta punje zinazostahimili moto.

Mkupuo wa tisa ulitiwa kwenye chujio la zahanati ya Malolo mwezi Agosti 2021, wazazi na wachanga wakanywa, sisi tukashangilia, yeye akaingiwa na hofu. Kitu kinachofaulu bila sababu, aliniambia, kitashindwa bila taarifa. Kila mwezi alikwenda kunusa na kupima, vipimo vikawa vizuri, naye akapanga siku ya kurudi.

Novemba 2025 alikutwa na saratani ya ini, madaktari hawakusema imetokana na nini, nasi tusiseme. Kila aliyemletea maji aliambiwa anuse kwanza. Innocent akatania, "Mama, haya ni ya dukani." Akajibu, "Kwani ya dukani hayanuki? Nusa." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Morogoro, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mikumi waliotuletea magodoro na kuni, wenzake wa maabara, na Muuguzi Joha wa Malolo.

Alhamisi ukoo uliketi pamoja na Joha. Wapo waliosema chujio liachwe, maana halijakosea hata siku moja na Malolo hawana jingine, na hoja hiyo ni nzito, lakini aliyejua kulipima yumo ndani ya jeneza hili, kwa hiyo tuliamua lifungwe, zahanati ipelekewe maji kwa gari mpaka apatikane wa kulichunguza. Jana asubuhi Naomi alikwenda Malolo, akajaza kikombe, akanusa. Hakikunuka kitu. Akafunga koki, na ufunguo wake anao hapa.

Pumzika, dada. Zamu ya kuogopa tumeipokea.