Mkalatusi Kwenye Njia ya Intaneti Yetu

Mheshimiwa Chifu, Mzee Barasa mwenyekiti wa halmashauri ya shule yetu, Mwalimu Mkuu, wazazi na wanafunzi wenzangu: kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mimi Amuron, kiongozi wa chama cha kompyuta, hii intaneti isiyo na waya siielewi vizuri. Leo tunamuaga Mwalimu Alaso, aliyetufundisha kompyuta, na nimeambiwa niieleze. Nikikosea mnisamehe.

Mwaka huu wa 1999 mlingoti wa intaneti ulisimamishwa hapa Malaba mjini, ukawa unarushia mawimbi shule yetu, misheni na ofisi za forodha. Nikauliza, "Mwalimu, mbona hayagongani na ya redio?"

"Amuron, pale mpakani baiskeli za boda boda na lori zinapita njia moja?"

Nikajibu hapana. Baiskeli hubeba mtu mmoja na kujipenyeza popote; lori hubeba shehena, lakini gogo likianguka barabarani, lori linalala hapo. Mawimbi ya masafa ya chini, kama ya redio, ni baiskeli, alisema, ya juu ni lori, na intaneti yetu imo ndani ya lori.

Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Mvua zikaja, majani ya mkalatusi wa Mzee Barasa, uliosimama kati ya mlingoti na shule, yakalowa, intaneti ikapotea. Mwalimu alipoenda kumweleza, mzee alicheka: "Redio yangu inashika Kampala na mti uko hapo hapo! Majani yatazuia hewa?" Je, mzee alikosea? Redio yake ni baiskeli. Lakini mbona kukikauka intaneti hurudi, halafu upepo ukivuma inakatika tena? Hilo hata Mwalimu bado analichunguza.

Ndugu wazazi, nasikia kesho halmashauri inataka kushusha antena ya shule, inayopokea mawimbi hayo, iuzwe, eti ni mbovu. Si mbovu. Mimi nisiyeweza kuinua mkono darasani, kupitia antena hiyo nimepata rafiki wa kusaidiana hesabu, Ayoo wa Tororo. Tororo ni hapo tu ukivuka mpaka, lakini Mwalimu anasema barua pepe zetu huzunguka ng'ambo ya bahari kwanza. Hilo nalo sielewi.

Mzee Barasa, hatuombi uukate mti wako. Tunaomba tuifunge antena juu yake, kileleni ambako majani hayataizuia, Mwalimu akiwa bado hapa. Itashika? Sijui, mti unayumba. Chrispine wa chama chetu amekubali kupanda.

Mwalimu, asante kwa kunijibu swali lile lile kila siku bila kunicheka. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza pamoja na uoga wangu huu. Mzee, sikai chini bado. Nangoja utakachosema.