Miwani ya Shangazi Huguette

Marehemu Huguette Veilleux alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 hapa Sainte-Philomène, kando ya mto Chaudière, Quebec, mtoto wa kwanza wa Mzee Ovila na Mama Blandine. Alisomeshwa na masista wa kijijini, kisha akasomea uigizaji Montréal. Babu Ovila alinuna mwaka mzima, mpaka alipomsikia redioni. Mwaka 1971 alifunga ndoa na marehemu Gilles Thibodeau, fundi sauti, wakajaliwa binti mmoja, Solange.

Nchi nzima ilimjua kwa tamthilia ya televisheni ya kila Jumanne, alimocheza msemaji wa serikali. Kila alipotaka kuwadanganya wananchi, alivua miwani kwanza. Tuliitazama pamoja kwenye ukumbi wa parokia, na akiigusa tu, ukumbi mzima ulipiga kelele: "Kavua!" Ikafika mahali hata waziri wa kweli akitokea kwenye taarifa ya habari, watu wanacheka: "Kavua huyo!" Mwanzoni Shangazi alifurahi. Baadaye hakufurahi tena.

Aprili 1991 barafu iliyovunjika iliziba mto upande wa juu wa kijiji, maji yakaanza kujaa nyuma yake. Redio ilisema tuhame; hakuna aliyejisumbua. Wakuu wakamwomba Shangazi asome tangazo kwenye televisheni. Taa za studio zilimeremeta kwenye vioo vyake, na mpiga picha akamwomba avue miwani. Akavua, akasoma: "Ondokeni leo."

"Kavua!" kijiji kizima kikacheka, kikaendelea na supu yake ya njegere. Baba yangu Rosaire, mdogo wake, alimpigia simu: "Dada, leo umedanganya vizuri kweli!"

Jioni hiyohiyo Shangazi alifika mwenyewe, miwani imefungwa kisogoni kwa kamba ya kiatu, maji yakimfika magotini, akigonga mlango baada ya mlango. Baba alimbishia kizingitini.

"Serikali inataka viwanja vyetu, Dada. Na wewe ulivua!"

"Taa, Rosaire! Taa ilikuwa inanimulika! Nitazame usoni. Si hii hapa, nimeifunga? Haya, mtoe mtoto."

Mtoto huyo ni mimi. Kabla ya kupambazuka barafu iliachia, ikabeba mtaa wote wa chini, na nyumba yetu. Hakufa mtu. Mpaka leo nakumbuka: watu wasiomwamini yeyote walimfuata mwanamke mmoja, kwa sababu alikuja mwenyewe, akaloa.

Mwaka jana aligundulika ana saratani ya kongosho. Alifariki tarehe 3 Machi 2024 nyumbani kwa Solange, na leo, ardhi iliyoganda kwa baridi ikiwa imeyeyuka, tunamzika. Siku ile ya mwisho muuguzi alitaka kumvua miwani ili alale vizuri. Shangazi akamshika mkono. "Iache." Akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Siogopi."

Tulimwamini.

Ameacha binti yake Solange, wajukuu wawili, mdogo wake Rosaire, na mimi Noëlla, binti wa Rosaire. Pumzika salama, Shangazi. Miwani hatukuivua.